Simenti haitimii, na fundi ndiye aliyempokea mume wangu mjini

Shikamoo mama,

Safu yako huwa naisomea kwenye daladala nikitoka zamu, sikudhani kuna siku nitaandika mimi. Naomba jina langu lisitajwe.

Mimi ni muuguzi, nina miaka 38 na watoto wawili. Tumepanga vyumba viwili Mbagala. Mume wangu ni dereva wa lori la masafa marefu, anapeleka mizigo Lubumbashi, na safari moja inaweza kula mwezi mzima kwa zile foleni za mipakani, Tunduma na Kasumbalesa. Kwa hiyo nyumba tunayojenga Vikindu naisimamia mimi, katikati ya zamu za usiku na watoto wa shule.

Fundi wetu si mtu wa kuokota barabarani. Mume wangu alipokuja Dar kutoka Singida mwaka 2006 hakuwa na pa kulala. Huyu ndiye aliyempa nusu ya kitanda chumbani kwake Tandale, akamlisha miezi minane mpaka alipopata kazi ya utingo. Mume wangu humwita kaka, mimi namwita shemeji, wanangu wanamwita baba mkubwa. Hatukuandikiana mkataba wowote. Alichukua karatasi ya daftari akaandika mchanganuo: nyumba ya vyumba vitatu, sebule, jiko na choo cha ndani, kuanzia msingi hadi lenta (ule mkanda wa zege na nondo unaopita juu ya milango na madirisha), simenti mifuko 150. Tofali tulinunua zilizofyatuliwa tayari. Hela ya vifaa namtumia kwa simu, ananunua, ananiletea risiti.

Kazi yake, kwa macho yangu, ni nzuri. Kuta zimenyooka. Katikati ya ujenzi nilimwomba anivutie baraza mbele, mita sita kwa moja na nusu, lenye nguzo tatu, sababu mume wangu anapenda kukaa nje jioni. Akalivuta bila maneno.

Lakini mpaka lenta inamwagwa nilikuwa nimeshanunua mifuko 173, na stoo haina hata mmoja. Mifuko 23 imekwenda wapi? Kijana wa guta anayetuletea maji saiti akaniambia kwamba siku moja jioni alibeba mifuko mitano kutoka kwangu kupeleka saiti nyingine ya fundi huyuhuyu, mtaa wa tatu. Nimepita pale nikaona mifuko tupu ya simenti ni ya kampuni ileile ninayonunua mimi.

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Nilimwomba asimwage lenta mpaka Jumatatu nitakapokuwa mapumziko. Akaimwaga Jumamosi nikiwa kazini, akasema vibarua walipatikana siku hiyo. Wiki moja baadaye akamwachisha kazi saidia fundi mmoja, na yule kijana akanipigia: "Mama, nondo zilizolala mle ni za milimita 10, siyo 12. Na ringi, zile pete za kufungia nondo, zimeachana futi moja na nusu." Risiti niliyoletewa inasema milimita 12. Tangu lile ghorofa la Kariakoo lianguke Novemba 2024, mama, nikisikia habari ya nondo mwili unanisisimka.

Sasa anataka milioni 4 na laki 8, zote mkononi, akanunue mbao na bati apaue kabla ya masika. Hela ipo. Ni mkopo wa SACCOS kwa jina langu, makato yameshaanza kwenye mshahara. Nilimtumia mume wangu ujumbe wa sauti kuhusu simenti, akanijibu akiwa mpakani: "Mke wangu, usinivunjie undugu kwa mifuko ya simenti. Mpe amalizie." Habari ya nondo sijamwambia. Si habari ya kwenye simu, na akiendesha sitaki awaze.

Nami nina makosa yangu. Mara mbili nilichelewesha hela ya vibarua, mara moja wiki mbili nzima kwa sababu mkopo haukuwa umetoka. Shemeji alitoa laki moja na elfu 20 mfukoni kwake akawalipa. Sikumbuki kama nilimrudishia yote.

Mume wangu anarudi Jumamosi ya wiki ijayo. Nimpe hela? Nimtoe fundi? Au niache boma hivyo hivyo masika ipite? Na nikimtoa, ndoa yangu itakaaje?

Muuguzi wa Mbagala

* * *

Marahaba mwanangu, na pole kwa zamu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa na kalamu na karatasi, utaona kwa nini. Swali lako la kwanza ni la hela ya paa. Ndani yake naona mambo matatu yaliyosukwa pamoja kama ukili: simenti isiyotimia, lenta usiyoiona, na mtu aliyempa mumeo nusu ya kitanda. Ukiyavuta yote kwa mkono mmoja yatakaza fundo. Nianze na simenti, kwa sababu ndiyo yenye hesabu.

Umesema mchanganuo ulikuwa mifuko 150. Halafu, kwa sentensi mbili tu, ukasema uliomba baraza. Mwanangu, baraza hujengwa kwa simenti. Mita sita kwa moja na nusu, jamvi, yaani sakafu ya zege, la unene wa inchi nne, ni karibu mita 0.9 za ujazo. Zege la kipimo cha moja kwa mbili kwa nne, yaani simenti, mchanga na kokoto, hula mifuko sita na kitu kwa kila mita moja ya ujazo, kwa hiyo jamvi peke yake limekwenda na mifuko kama sita. Baraza lina msingi pande tatu, mita tisa kwa ujumla. Zege la chini yake ni mifuko mingine minne. Nguzo tatu na vitako vyake, pamoja na mota, ule mchanganyiko wa simenti na mchanga wa kujengea tofali za msingi, weka minne tena. Hapo tumefika 14, na fundi wa kweli akisoma haya atanisahihisha kwa mfuko mmoja au miwili, hatanisahihisha kwa kumi.

Katika 23 yako imebaki tisa. Mitano kijana wa guta anasema aliibeba. Minne iliyobaki, kwa kazi ya ukubwa huo, inaweza kuwa mfuko uliochanika, uliolowa, au makadirio tu ya mtu aliyeandikia gotini kwenye karatasi ya daftari. Kwa hiyo kesi uliyonayo mkononi si ya mifuko 23. Ni ya mitano.

Mitano nayo ni mitano, sikwambii uifumbie macho. Nakuomba tu uitazame kwa pande zake. Mafundi wenye saiti mbili huazimana simenti. Lori la duka halijafika, vibarua wamekaa, anachukua kwa jirani arudishe kesho. Ni tabia mbaya akiifanya bila kumwambia mwenye mali, na ndipo wizi mwingi unapoanzia, ila si kila aliyeazima ameiba. Upande mwingine kuna ile laki na elfu 20 aliyotoa mfukoni kwake uliposhindwa kulipa vibarua. Sisemi alijilipa kwa simenti. Nasema wewe mwenyewe hukumbuki kama ulimaliza kumrudishia, na ukikaa naye kuulizana, hilo litakuwa la kwanza kutoka kinywani mwake. Jumbe zako za kutuma pesa kwa simu zipo. Zipitie usiku mmoja ujue unadaiwa nini kabla hujadai. Ile mifuko tupu ya mtaa wa tatu iache. Duka la vifaa la njia ile likiuza aina moja, mtaa mzima utakuwa na mifuko ya rangi moja.

Mimi nilijenga Tabata miaka ile, fundi wangu alikuwa mzee wa kanisani, mtu wa kuaminika kabisa. Alinijengea choo ambacho mlango wake ukifunguka mgeni wa sebuleni anakuona umekaa. Nikamlaumu mwaka mzima. Siku moja nilikuta ramani kabatini: ni mimi niliyemwambia ahamishe ukuta ili kabati langu la vyombo lienee. Tangu hapo fundi wa mtu akisemwa mbele yangu huwa nauliza kwanza, "Na wewe ulibadilisha nini?"

Lipo jambo jingine, na hili nalisema kwa upole kwa kuwa karibu sote tunalifanya. Huyu shemeji yako ni nani pale saiti? Anajenga. Ananunua vifaa. Anatunza stoo. Anasimamia vibarua na kuwalipa. Anakadiria mahitaji, kisha anakagua mwenyewe kama makadirio yalikuwa sawa. Kwenye kampuni, hizo ni kazi za watu watano, na wanawekwa watano makusudi ili mmoja asijikague mwenyewe. Wewe umempa yote mtu mmoja, kwa malipo ya ujenzi tu, kwa kuwa ni ndugu. Mahali pa namna hiyo hata mtu mwema hujikuta anakula cha juu cha mwenye duka la vifaa bila kuona aibu, kwa sababu kazi ya kununua hakuna anayemlipa. Simtetei. Nataka uone kwamba ukimtoa yeye na kumweka mwingine katika kiti hichohicho, miezi mitatu baadaye unaweza kuniandikia barua hiihii.

Sasa lenta. Hapa sina mzaha, na nadhani ndipo hasa ulipotaka nifike, maana hata wewe uliiweka ya pili kisha ukasema ndiyo inayokunyima usingizi.

Milimita 10 na milimita 12 zinasikika kama ndugu wa karibu. Ila nguvu ya nondo huhesabiwa kwa eneo la duara lake, na kwa hesabu hiyo nondo ya 10 ina chuma pungufu kwa karibu theluthi. Ringi kwa kawaida hufungwa kila sentimita 15 hadi 20. Huyo kijana anasema futi moja na nusu, yaani kama 45. Kama ni kweli, ni kasoro ya kutazamwa na mtu aliyesomea. Kwa kuwa umeitaja Kariakoo, niseme pia kwamba lile lilikuwa ghorofa, lako ni nyumba ya chini, na lenta ya nyumba ya chini imelala juu ya ukuta sehemu kubwa ya urefu wake. Juu ya dirisha la chumba la mita moja pengine hapatatokea kitu. Pa kutazama kwanza ni pale inapopita hewani: kwenye baraza, nguzo hadi nguzo, na juu ya mlango mpana wa sebule.

Tena habari hii umeipata kwa nani? Kwa kijana aliyeachishwa kazi. Ulimi wa mtu aliyefukuzwa una uchungu, na pia una uhuru ambao hakuwa nao jana yake. Huwezi kujua ni upi unaozungumza mpaka utazame kwenye zege lenyewe. Bahati nzuri zege linatazamika. Mhandisi anaweza kuja na kifaa cha kutambua nondo ndani ya zege, akakuambia zimelala wapi na ringi zimeachana kiasi gani bila kubomoa. Asipokuwa nacho, atachonga sehemu ndogo mbili tatu, sentimita kama mbili au tatu ndani, apime unene wa nondo, kisha pazibwe. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Utamlipa, ndiyo, lakini linganisha na hiyo milioni 4 na laki 8 unayotaka kuipandisha juu ya lenta hiyohiyo. Kurekebisha lenta ambayo haijabeba paa ni kazi ya siku chache; ikishabeba mbao na bati ni hadithi nyingine kabisa.

Yapo ya bure ya kuanzia. Muulize saidia fundi kama ana picha. Vijana wa siku hizi hawamwagi zege bila kupiga picha ya kuweka status. Na kijana wa guta muulize wiki iliyofuata lenta alileta madumu mangapi ya maji. Zege jipya linataka kumwagiliwa siku saba angalau. Kama maji hayakuletwa, hilo nalo mhandisi aambiwe.

Mjue pia ni nani wa kumwita. Mhandisi anayetambulika yuko kwenye orodha ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kama makandarasi walivyo kwenye bodi yao, ambayo huwapanga kwa madaraja hadi la saba. Shemeji yako si mkandarasi, ni fundi, na nyumba nyingi za mitaa yetu zimesimama kwa mikono ya watu kama yeye. Nakutajia tu usije ukamletea fundi mwingine amkague. Fundi mpya huanza kazi kwa kuponda ya aliyetoka. Utaambiwa nyumba nzima ibomolewe, na atakayeijenga upya ni yeye anayekwambia.

Nije kwa mumeo. Jibu lake limekuuma, na limeniuma mimi pia nilipolisoma mara ya kwanza. Mara ya pili nikajiuliza: huyu bwana alijibu swali gani? Ulimpelekea simenti, akajibu simenti. Mtu aliyelishwa miezi minane akiulizwa kati ya mfadhili wake na mifuko ya simenti, atajibu nini akiwa kwenye foleni ya mpakani, vumbi mdomoni? Lenta, ambayo siku moja itakuwa juu ya vichwa vya watoto wake, hajaulizwa. Huenda akisikia atasema vilevile. Wewe unamjua, mimi simjui. Lakini kwa sasa unambebea jibu ambalo hajalitoa, na ninaogopa ukifanya uamuzi mkubwa juu ya jibu hilo, akirudi atauliza kwa nini hukumwambia. Sababu yako ya kutomsumbua njiani ni nzuri. Jumamosi ya wiki ijayo atakuwa nyumbani. Hela ya paa inaweza kusubiri siku hizo?

Njia ulizonitajia ni tatu. Mimi naona nne, na kila moja ina gharama yake.

Ukimpa hela yote sasa, utaiwahi mvua, utalinda amani, na pengine mwezi wa tano mtakuwa mnapiga lipu. Utakuwa pia umemwongezea kazi ya sita mtu uliyeanza kumtilia shaka, na huna karatasi. Sheria ya Mikataba hapa kwetu haiyakatai makubaliano ya mdomo, ila siku ya kuyathibitisha utajuta kutoandika.

Ukimtoa kabisa, moyo utatulia kwa wiki moja. Kisha kuna watoto watakaouliza baba mkubwa yuko wapi, kuna mumeo, na kuna mafundi wa eneo lile wanaojuana wote. Watu wametoa mafundi ndugu na ukoo ukaendelea, nimeona. Nimeona pia ndugu waliokutana msibani wakapishana kama wageni. Ukielekea huko, nadhani itakusaidia kwenda na kitu kilichopimwa, kuliko kwenda na maneno ya guta na simu ya kijana.

Ukiliacha boma mpaka masika ipite, kuta za tofali za simenti hazitayeyuka. Nchi hii imejaa maboma yaliyonyeshewa miaka kumi yakapauliwa na kukaliwa. Hasara yako ni nyingine: makato ya SACCOS yanakwenda, kodi ya Mbagala inakwenda, na hela iliyokaa tu ina miguu. Ada itakuja, ndugu ataugua, ukifika Juni imebaki milioni tatu. Kama utasubiri, jiulize itakaa wapi. Wengine hununua bati mapema wakaliacha kwa muuzaji kwa maandishi. Hilo nalo ni kumwamini mtu mwingine tena.

Ya nne hukuitaja, na inanijia kwa sababu kupaua mara nyingi kuna mafundi wake, maseremala wa paa. Shemeji anaweza kubaki kuwa fundi wako wa kuta na lipu, ukagawa zile kazi nyingine. Mbao na bati ukanunua wewe na mumeo akiwa likizo, fundi akaja dukani kuchagua tu. Bati utaulizwa geji: kumbuka namba ikipungua bati linaongezeka unene, 28 ni nene kuliko 30, usiuziwe kinyume. Mbao uulize zilizotiwa dawa. Kazi ilipwe kwa hatua, kenchi, zile fremu za mbao za paa, zikisimama kiasi fulani, bati likiisha kiasi fulani, na sehemu kidogo ibaki mpaka mvua kubwa ya kwanza ipige muone kama panavuja. Hilo la kubakiza si dharau. Makandarasi wakubwa hukatwa asilimia 5 hadi 10 na kulipwa baada ya muda wa kuangalia kasoro, na hawanuni. Mambo hayo yaandikwe ukurasa mmoja, Kiswahili cha kawaida, muusaini mbele ya mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa.

Hatari ya njia hii ninaijua. Atasema, "Leo shemeji umeniona mwizi?" Atanuna. Pengine atagoma. Au, na nimeona likitokea, atashusha pumzi, maana kununua vifaa kwa hela ya ndugu ni mzigo kwa mtu asiye mwizi. Mengi yatategemea maneno ya kwanza na yatasemwa na nani. Mkianza na deni lenu kwake ("Shemeji, ile hela ya vibarua tulikurudishia kiasi gani?") mnafungua mlango tofauti na mkianza na mifuko mitano. Na baraza: mliliomba bila kuulizana bei, akalijenga. Mkilitaja ninyi kabla yake, mmeonyesha kwamba hesabu mnazozitaka ni za pande zote mbili. Pahali pawe saiti, asubuhi, vibarua wasiwepo. Mtu mzima akiulizwa hesabu mbele ya wasaidizi wake hujibu kwa ajili yao.

Kama mhandisi atakuta nondo ni za 12 na ringi ziko karibu, utakuwa umelipia usingizi wako, na mna habari ya mifuko mitano tu ya kumaliza kifamilia. Kama atakuta zile za 10, basi kuna risiti inayosema 12, na hayo ni mazungumzo mengine ambayo mumeo anastahili kuwepo. Hapo swali litakuwa nani analipa marekebisho, na undugu utapimwa pande zote mbili: wenu wa kukumbuka Tandale, na wake wa kukumbuka nani atalala chini ya hiyo lenta. Sijui mtaamuaje. Nimeona watu wakisamehe gharama wakabaki na fundi, nimeona fundi akirekebisha kwa mkono wake bila kudai senti, nimeona wakiishia ofisi ya mtaa. Katika hao sikuona aliyefanya jambo la aibu.

Una wiki moja na nusu. Zamu yako ikikuruhusu, pita saiti siku ambayo hawakutegemei, si kwa kuvizia, kaa tu juu ya tofali utazame wakichanganya. Chukua ile ndoo ya lita 20. Mfuko wa kilo 50 ni ujazo wa kama lita 35, haujazi ndoo mbili. Kwa mota ya simenti moja kwa mchanga sita, mchanga wake ni ndoo kumi na nusu. Hesabu kimoyomoyo. Ukizoea kuhesabu ndoo utamwelewa fundi wako kuliko nitakavyokueleza mimi kwa barua.

Niandikie mhandisi akishakuja. Na yule kijana wa guta, mwanangu, popote mtakapokaa kuzungumza, usimtaje. Bado mnahitaji maji, naye anahitaji kazi.